Punda na Alingane na Mzigo Wake

Mtu aendaye dukani kununua viatu hujua kwanza ukubwa wa mguu wake. Hata viatu vikiwa vizuri namna gani, visipomwenea havimfai kitu. Lakini wengi wetu tuendapo mnadani kununua punda hatuna kipimo chochote mkononi. Twamwona punda amesimama, manyoya yang'aa, tumbo kubwa, bei si mbaya. Basi twatoa fedha na kumswaga mpaka nyumbani. Baada ya miezi michache punda yule ana donda mgongoni, hataki kutandikwa, na mama wa nyumba amerudi kubeba maji kichwani kama zamani. Hapo watu husema, "Punda huyu mvivu." Mara nyingi punda si mvivu hata kidogo, ila aliyemnunua hakujua uzito wa mzigo wake.

Wasomaji wetu wa Handeni na Korogwe wanayo sababu nzuri ya kulifikiri jambo hili. Huko Handeni visima na malambo mara nyingi yako mbali na nyumba, na wakati wa kiangazi mwendo huzidi kuwa mrefu. Korogwe wanao mto Pangani, lakini si kila kijiji kiko kando ya mto, na njia za kupanda milima ya Usambara zina mawe na utelezi. Ni kweli, siku hizi bodaboda zimeenea. Lakini pikipiki hutaka petroli kila siku, na punda hutaka majani, maji na mapumziko. Jamaa ya wakulima ikipata punda afaaye, mama hupumzisha shingo yake, na mtoto aliyekuwa akitumwa kisimani alfajiri hupata nafasi ya kuwahi shule. Ikipata asiyefaa, fedha zimepotea na mnyama anateseka.

KWA NINI PUNDA, WALA SI FARASI

Katika nchi za Ulaya wazazi wakitaka kumnunulia mtoto wao farasi mdogo wa kupanda, hupima urefu na uzito wa mtoto, kisha hutafuta farasi wa umbo linalolingana naye. Sisi vijijini kwetu hatuna farasi, na sababu yake ni ya zamani. Yako maradhi yaitwayo tauni ya farasi, yanayoenezwa na wadudu wadogo wa jamii ya usubi. Farasi wakishikwa nayo hufa wengi na upesi. Tena iko nagana, yaani malale ya wanyama, inayoletwa na mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Katika mapori ya Handeni mdudu huyo anajulikana tangu zamani sana.

Punda ni mwenyeji wa bara hili. Wataalamu waliochunguza nasaba za punda wa sehemu nyingi za dunia walitangaza mwaka 2022 kwamba punda wote wa kufugwa wana asili moja, nayo ni Afrika ya Mashariki, yapata miaka 7000 iliyopita. Maradhi yale ya farasi kwa kawaida hayamwangushi. Nagana humdhuru, nasi tutaieleza baadaye, lakini yeye huivumilia kuliko farasi. Kwa hiyo kwetu sisi swali la kumlinganisha mnyama na mpandaji wake ni swali la punda. Wenyeji wa pwani walilijua tangu zamani: mjini Unguja matajiri walipanda punda weupe, wakubwa, walioletwa kutoka Maskati, na punda wadogo wa bara walichukuzwa mizigo.

PIMA MZIGO KWANZA

Kabla hujatoka nyumbani kwenda mnadani, keti na jamaa yako mjiulize: Punda huyu atabeba nini? Atabeba mara ngapi kwa siku? Njia ni tambarare au ni ya mlima? Nani atampakia, na nani atamwongoza?

Swali hilo la mwisho halijibiwi na baba peke yake. Katika nyumba nyingi baba ndiye anunuaye punda, lakini mama na watoto ndio wamtumiao. Mama anajua idadi ya madumu yatakiwayo kila siku, na anajua mahali penye utelezi. Tena yuko jambo la kimo. Dumu la maji lenye uzito wa kilo 20 si jepesi kuliinua mpaka juu ya kifua. Punda mrefu aweza kuwa na nguvu, lakini kama mama ni mfupi na hana wa kumsaidia, kila siku atahangaika kumpakia. Mkubwa kuliko wote mnadani si lazima awe ndiye bora kwako. Basi baba, nenda mnadani pamoja na mama watoto, au walau umsikilize kabla hujaondoka.

Sasa tuhesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20, na dumu lenyewe huongeza kidogo. Madumu mawili yapita kilo 40, na manne yapita 80. Debe la mahindi ni kama kilo 18 hadi 20. Gunia la kilo 100 ni kilo 100, hata likifungwa vizuri namna gani.

Je, punda hubeba kiasi gani? Punda wetu wengi ni wadogo. Kimo chao mabegani ni kama mita moja au kuzidi kidogo, na uzito wao huwa kati ya kilo 100 na 150. Ugiriki, ambako punda huwapandisha watalii milimani katika kisiwa cha Santorini, serikali iliweka amri mwaka 2018 kwamba mzigo usizidi kilo 100, au sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama. Wengi wanaofundisha kazi za punda huruhusu mzigo ufike theluthi ya uzito wake, yaani sehemu moja ya tatu, kwa mnyama mzima, mwenye afya, katika njia fupi na tambarare. Basi tushike hivi: sehemu moja ya tano ni mzigo wa kawaida, wa mwendo mrefu na wa mlima, theluthi ni ukomo. Kupita hapo ni kumla punda mwenyewe kidogo kidogo.

Kwa kipimo hiki punda wa kilo 120 asibebe zaidi ya kilo 40. Twajua kwamba wengi huwapakia punda kama huyo madumu manne. Naye hubeba, maana punda halii wala hasemi, wala haanguki siku ile ile. Malipo yake huja baadaye, katika mgongo, magoti na kwato.

PILI, MPIME PUNDA

Huko mnadani hakuna mizani ya kumpandisha punda. Lakini iko njia nyepesi. Chukua utepe wa fundi cherehani, au kamba ambayo utaipima baadaye kwa rula. Mzungushie punda kifuani, nyuma ya miguu ya mbele na nyuma ya mabega, wala usiikaze sana. Urefu huo wa duara la kifua hukuonyesha uzito wake.

Watafiti waliopima punda wa kazi huko Morocco waliandika hesabu zao mwaka 1996. Tukizifuata, twapata makadirio kama haya:

Kifua sentimita 105: uzito kama kilo 100, mzigo usizidi kilo 33.
Kifua sentimita 110: uzito kama kilo 115, mzigo usizidi kilo 38.
Kifua sentimita 115: uzito kama kilo 130, mzigo usizidi kilo 43.
Kifua sentimita 120: uzito kama kilo 150, mzigo usizidi kilo 50.

Hayo ni makadirio tu, lakini yapita macho ya dalali. Mwenye kutaka punda wa kubeba madumu mawili yaliyojaa na atafute kifua cha sentimita 115 au zaidi. Akimpata mwenye sentimita 105 tu, si lazima amkatae; ampakie dumu moja la lita 10 kila upande, yaani maji lita 20 pamoja na kuni chache, na punda huyo atamtumikia miaka mingi. Punda mdogo si punda mbaya. Ubaya ni kumpa kazi ya mkubwa.

Jihadhari na tumbo. Punda alaye majani makavu, au mwenye minyoo, huwa na tumbo kubwa huku mbavu na uti wa mgongo vyaonekana. Tumbo halibebi mzigo. Pima kifua, kisha pitisha mkono mgongoni na nyongani. Ukisikia mifupa imechongoka, mnyama huyo amekonda, nawe wampunguzie mzigo mpaka anenepe.

AKIWA NI WA KUPANDWA

Watoto wetu hupenda kumpanda punda warudipo kutoka kisimani au malishoni. Si vibaya, mradi kipimo kishikwe. Mpandaji naye ni mzigo. Huko Uingereza chama kikubwa cha kutunza punda kiitwacho The Donkey Sanctuary kimeweka ukomo wa kilo 50 kwa mpandaji, na punda wa kule kwa kawaida ni wakubwa kuliko wetu. Kwa punda wetu wa kilo 120, mpandaji asizidi kilo 40, yaani mtoto au kijana mwembamba. Mtu mzima wa kilo 65 na amwongoze punda kwa mguu. Akitaka kupanda, atafute punda mkubwa kweli kweli.

Wengine hutazama miguu ya mpandaji: isipogusa chini, husema amemwenea. Hicho si kipimo. Mtu mfupi mnene huning'iniza miguu juu juu, na mgongo wa punda waumia vilevile. Pima kilo, usipime miguu.

Mpandaji akae nyuma kidogo ya mabega, juu ya tandiko laini. Asikae karibu na kiuno juu ya figo, mahali pasipo mbavu za kuchukua uzito. Wala wasipande wawili, wala mtoto asipande juu ya madumu. Kama maji yamekwisha kupakiwa, mtoto atembee.

TAZAMA UMBO LAKE

Punda akiwa mbele yako, mtazame kwa utaratibu. Mgongo uwe umenyooka, mfupi kiasi na wenye nguvu. Mgongo uliobonyea kama machela huchoka upesi. Kifua kiwe kipana, na miguu ya mbele isimame wima bila magoti kugusana. Tembea nyuma yake kwa mbali, uone kama miguu ya nyuma yakwenda sawa au yagongana.

Inua kila mguu uitazame kwato. Kwato ya punda ni nyembamba, tena imesimama zaidi kuliko ya farasi. Hiyo si kasoro. Kasoro ni ufa, harufu mbaya, au kwato iliyorefuka na kupinda juu kama kiatu kikuukuu. Punda asiyekubali kabisa kuinuliwa mguu, uliza sababu yake.

Kisha tafuta manyoya meupe mgongoni, begani na mahali pa kamba ya tumboni. Donda likipona, mara nyingi manyoya huota meupe mahali pale. Alama hizo hueleza jinsi punda huyo alivyotandikwa zamani, hata kama mwenyewe hasemi. Alama moja ndogo haina neno. Zikiwa nyingi, jua kwamba ngozi yake ni dhaifu mahali hapo.

Mwisho omba atembezwe, kwanza bila mzigo, halafu akiwa na mzigo mdogo. Akichechemea, au akiinua na kushusha kichwa kwa kila hatua, muache.

MIAKA NA TABIA

Funua mdomo wake. Punda hubadili meno ya mbele ya utoto kidogo kidogo, tangu miaka miwili na nusu hivi, na hufika kama miaka mitano ndipo meno yote ya mbele yawe ya ukubwani. Ukiona bado ana meno ya utoto, huyo ni kijana. Asibebe kitu kabla ya kutimiza miaka mitatu, na mzigo wake kamili usubiri mpaka apite minne. Kijana aliyebebeshwa mapema mifupa yake huharibika, na punda aliyetunzwa aweza kuishi miaka 25 na zaidi. Ni hasara kubwa kupoteza miaka ishirini ya kazi kwa ajili ya haraka ya mwaka mmoja.

Punda jike mwenye mimba huichukua kama mwaka mzima. Katika miezi mitatu ya mwisho apumzishwe, na akiisha kuzaa asirudishwe upesi kwenye mizigo. Kwa nyumba yenye watoto wadogo punda dume asiyehasiwa ni mkali. Jike mpole au dume aliyehasiwa hufaa zaidi.

Wahenga walisema, shukrani ya punda ni mateke. Lakini mtazame vizuri yule apigaye mateke atandikwapo: wengi wao wana kidonda chini ya tandiko. Mateke ndiyo maneno yao. Mji wa Lamu, ambao njia zake ni vichochoro na punda ndio wachukuzi, una hospitali yao tangu mwaka 1987, maana watu wa huko wameona kwamba punda mgonjwa ni kazi iliyosimama.

TANDIKO NA MKOKOTENI

Hata punda aliyechaguliwa vizuri huharibiwa na kamba. Uti wa mgongo wake hauna nyama ya kutosha juu yake, basi mzigo usikae juu ya mfupa. Shona mito miwili ya magunia, ijaze majani makavu laini, uiunganishe ili kila mmoja ukae upande wake, na katikati pabaki nafasi juu ya uti. Mizigo ya pande mbili iwe sawa kwa uzito. Dumu moja likivuja, mzigo hupinda, na donda huanza siku hiyo hiyo. Kamba nyembamba za nailoni hukata ngozi. Tumia ukanda mpana.

Wenye njia tambarare na fedha kidogo wafikiri habari ya mkokoteni. Punda aweza kuvuta uzito mkubwa kuliko ule awezao kubeba, mradi magurudumu yazunguke vizuri. Ukifunga wawili, wachague walio sawa kwa kimo na mwendo, la sivyo mmoja atavuta na mwenzake atatembea tu. Nira ya ng'ombe isitumike. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu, na punda hana nundu. Yeye huvuta kwa kifua, kwa ukanda mpana usiombana koo.

KABLA YA KUMLETA NYUMBANI

Ukimtoa punda mahali pasipo na mbung'o na kumleta karibu na mapori yenye mbung'o, mwone bwana mifugo mapema. Punda aanzaye kukonda huku akila, mwenye homa za mara kwa mara, au aliyevimba chini ya tumbo, yampasa kupimwa damu, asifikiriwe kuwa mvivu.

Tena dai hati ya kumnunulia kwa wenye mamlaka ya mnada. Miaka hii ngozi za punda zimetafutwa sana ili kupelekwa Uchina kutengenezwa dawa, na wezi wamewamaliza punda katika sehemu nyingi za Afrika. Ndiyo maana Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi zao. Punda jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mimba, tena si kila mwaka. Wakipungua, hawarudi upesi. Vilevile nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama kwa mzigo mzito ni kosa.

Basi ndugu msomaji, siku utakapokwenda mnadani chukua vitu vitatu: utepe wa kupimia, hesabu ya madumu uliyopewa na mama watoto, na subira. Ukimwona punda mzuri asiyelingana na hesabu hiyo, mwache apate mwenye mzigo wake. Mnada utakuwapo tena juma lijalo.